Ujumbe wa vitumbua

Kwa miaka kama miwili nilikuwa nazama DM za wasichana na salamu ileile: "Mambo mrembo." Kimya. Kesho yake natuma "mbona hujibu?" na maua juu, napigwa bloku. Niliumia sana, nikaamini mimi si mtu wa kupendwa.

Dada yangu ndiye aliyenifumbua macho. Alinifungulia maombi ya ujumbe kwenye Instagram yake: mambo mrembo, umependeza, naomba namba, mpaka chini. Yote unaweza kudhani kaandika mtu mmoja. Akaniambia, "Kaka, hakuna hata mmoja aliyesoma nilichoandika mimi."

Mwezi uliofuata, binti mmoja wa Dodoma aliweka picha ya vitumbua vyake: nje vimeungua, ndani vibichi. Alisema ameshakata tamaa. Nikamwandikia hivi: "Habari yako. Mama yangu anauza vitumbua hapa Tanga. Moto wako ulikuwa mkali. Loweka mchele usiku kucha, ukishasaga na tui uache uumuke vizuri, kisha kaanga kwa moto mdogo." Basi. Sikumwambia amependeza, ingawa alikuwa amependeza kweli.

Mtu usiyemfuata hawezi kujua kama umeusoma ujumbe wake mpaka umkubali. Kungoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kila nikishika simu mkono unataka kuongeza neno, najizuia. Siku ya tisa ikaja picha: kitumbua kimekatwa katikati, matundu matupu kama sifongo. Chini yake: "Mwambie mama asante!"

Tukaanza kuchati. Sikumwomba picha hata moja. Wiki ya tatu nikamweleza kwa sauti yangu kwamba nimempenda na nina nia naye. Hakujibu hilo. Alisema, "Washa kamera, nimwone huyo mama." Alikuwa na haki, kwa matapeli walivyojaa. Nikageuza simu, mama yuko kwenye kigoda anapindua vitumbua. "Shikamoo mama!" "Marahaba mwanangu, huyo nani?" Waliongea habari za hamira mpaka bando langu likakata.

Mwezi Juni nilipanda basi stendi ya Kange. Alinipokea Dodoma mchana kweupe, yuko na dada yake mkubwa, na kontena la vitumbua mkononi. Nilikula vinne palepale stendi.

Jumamosi iliyopita mshenga amepeleka barua, na kishika uchumba ndani yake. Tunasubiri majibu ya wazee.