Nilivyohamisha kiota cha kasa, baada ya kukiua cha kwanza

Kiota cha kwanza cha kasa nilichokihamisha nilikiua kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa kuwa nilifanya hivyo kwa nia njema kabisa, ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba hakukuwa na mwingine wa kulaumiwa. Ilikuwa upande wa mashariki wa kisiwa cha Juani, Mafia, ule unaotazama bahari kuu. Niliona mburuzo wa kasa mchana, nikauliza, nikaambiwa kwamba alipanda kutaga usiku wa kuamkia jana. Mayai yalikuwa chini ya mstari wa mwani unaoachwa na maji kujaa, na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, lilikuwa linakaribia. Nikafukua, nikajaza ndoo, nikaipandisha begani hadi juu ya ufuko na kuyamwaga mayai katika shimo jipya kama mtu amwagaye viazi. Siku 70 baadaye nilifukua tena, nikakuta uvundo mtupu.

Sisi tuliokulia na kuku tunaona kuku akiyageuzageuza mayai yake kila siku, tukadhani yai ni yai. Yai la kasa halitaki hivyo. Saa chache baada ya kutagwa, kiini cha kiumbe hujishikiza kwenye utando wa juu, na mahali hapo ganda huanza kuonyesha doa jeupe kama chokaa. Ukiligeuza yai wakati huo, au hata kulitikisa sana, kiumbe hufa palepale bila dalili yoyote nje. Nilielezwa haya na walinzi wa viota wa kijiji, ambao walinikumbusha pia, kwa upole ambao sikuustahili, kwamba Mafia ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995 na kwamba sheria haimruhusu mtu kuchezea mayai ya kasa apendavyo. Nikaomba kufuatana nao. Msimu mzima nilikuwa mbeba ndoo.

Mwalimu wangu mkubwa, hata hivyo, alikuwa mzee mmoja jirani ambaye ujanani alichimba mayai hayo kwa ajili ya kula. Wapo wanaomwita mwizi hadi leo. Mimi naona kwamba ujuzi wa kulitafuta yai ni uleule, uwe unalitafuta kwa chungu au kwa bahari, na yeye alikuwa nao kuliko sote. Kuhusu nyama alikwisha kuacha kabisa, hasa baada ya msiba wa Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, ambako watoto 8 na mwanamke mmoja walifariki kwa kula nyama ya kasa yenye sumu. Mayai ndiyo yaliyokuwa magumu kumtoa moyoni.

"Shikamoo mzee. Mbona unachimba huku nyuma, na shimo liko mbele?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Marahaba mwanangu. Hilo shimo ndilo analotaka uchimbe."

Alikuwa na haki. Kasa akishataga hufukia, kisha hurusha mchanga kwa mapezi huku akijisogeza mbele kidogo kidogo, hata shimo kubwa linaloonekana likawa si pale yalipo mayai. Mayai yako nyuma yake, kuelekea mburuzo wa kupandia. Mburuzo wenyewe nao husema mengi: kasa wa kawaida husukuma mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, hivyo alama za kulia na kushoto hulingana, ilhali ng'amba, kasa wa aina nyingine, huyapeleka kwa zamu kama mtoto anayetambaa.

Usiku wetu ulifika mwezi Mei, kusi likivuma. Mimi, mpwa wangu na mlinzi mmoja wa viota tulikaa gizani bila tochi, kwa maana kasa akishtuliwa kabla ya kuanza kutaga anaweza kurudi majini. Alichimba chini mno, mahali ambapo bamvua lingefika bila shaka. Alipoanza kutaga tulisogea nyuma yake. Machoni mwake mlitiririka ute mzito uliojaa mchanga, na mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, analia." Wazee husema anawalilia wanawe. Ni tezi zinazotoa chumvi ya maji anayokunywa, lakini nakiri kwamba usiku ule sikuwa na hamu ya kumsahihisha mtu.

Tulimwacha amalize, afukie, ateremke. Hapo saa ilikuwa yetu. Nilifukua kwa vidole, nikatandika mchanga wa kiota hichohicho ndani ya ndoo, nikalitoa yai moja moja, jinsi lilivyolala ndivyo nilivyolipokea. Yai ni jeupe, la mviringo kama mpira wa tenisi ya meza, na ganda lake hubonyea kama ngozi. Yalikuwa 112. Mpwa wangu aliipakata ndoo kwa mikono miwili, hatua 40, akitembea kama aliyebeba mtoto mchanga. Shimo jipya nililichimba hadi bega langu lilipogusa mchanga, mdomo mwembamba na chini pana, kama alivyolichimba mama mwenyewe. Mahali pake nilipachagua kwa makini, pasiwe juani kutwa wala chini ya mikadi kabisa, kwa sababu joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: likiwa juu ya nyuzi 29 hivi huzaliwa majike wengi, likiwa chini madume huzidi.

Baada ya hapo ilikuwa kungoja, na kuwafukuza kenge. Usiku wa 57 mchanga ulititia, kikatokea kichwa kimoja, kisha mchanga wote ukachemka watoto wa kasa. Tulizima hata simu, kwa kuwa wao huufuata upeo ulio na mwanga zaidi, ambao kwa ufuko usio na taa ni bahari. Siku tatu baadaye tulifukua ili kuhesabu. Maganda matupu 94, mayai 11 yasiyokua, watoto 7 waliofia humo. Mzee alinihesabia maganda kwa sauti, akakosea, akaanza upya.

Msimu uliofuata aliniita alfajiri juu ya kiota kingine. Niliutazama mstari wa mwani mara mbili, nikaona maji hayatafika, nikamwambia hiki tusikiguse. Akakata kuti la mnazi, tukaufuta mburuzo hadi majini, tukarudi nyumbani.