Pedi ya ndani

Baba hakuwa akiisikia ile sauti. Masikio yake yalishaanza kupoteza sauti nyembamba, za ndege na za simu ikiita chumba cha pili, na mluzi wa breki ulikuwa mwembamba kuliko zote hizo. Mimi niliusikia siku ya kwanza tu, nikiwa nimesimama nje anaporudi na pikapu. Alipokaribia kusimama, gurudumu la mbele upande wa kulia likapiga mluzi, kama kijiko kinachoburutwa ndani ya sufuria, kisha kimya.

"Baba, breki inalia," nikamwambia.

"Wewe ndiye mwenye masikio," akajibu. "Iangalie."

Nikaiangalia. Hilo ndilo linalonikera hadi leo, kwamba niliangalia kweli. Nilichuchumaa, nikamulika tochi kwenye matundu ya rimu, nikaiona pedi ya nje, moja ya vibao viwili vinavyobana diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu. Bado ilikuwa na nyama ya kutosha, yaani tabaka linalosugua diski, milimita 8 hivi. Pedi mpya huwa na 10 au zaidi kidogo, na watu hubadilisha ikibaki 3. Nikaridhika. Nikamwambia Baba ni vumbi, au kutu ya umande, maana diski ikilala nje usiku hushika kutu nyepesi ambayo hufutika ukikanyaga breki mara mbili tatu. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayakuwa ya gari lile. Mluzi wa umande huisha mapema asubuhi. Huu ulikuwa ukirudi naye jioni.

Zikapita wiki tatu. Katika wiki hizo alibeba mbao, akabeba saruji, na mara moja akahamisha vyombo vyote vya jirani, kwa njia yenye mteremko mrefu. Kila akiondoka aliniuliza kama breki ziko sawa, na kila mara nilimjibu kwamba nimeziangalia.

Siku sauti ilipobadilika nilikuwa nimekaa pembeni yake. Tulikuwa tunaingia kwenye kona, akakanyaga, ukatoka mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma. Safari hii na yeye aliupata, kwa sababu ulipita kwenye pedali ukamfikia mguuni.

"Hili si vumbi," akasema, bila hasira. Akashusha gia, tukarudi nyumbani polepole.

Nililegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, nikapiga jeki, kisha nikaikalisha fremu juu ya stendi. Sijawahi kuingiza mkono chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, na sitaingiza. Tairi lilipotoka, pedi ya nje ilikuwa vilevile nilivyoiona. Nikafungua kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi, nikaiinua na kuifunga kwa waya ili isining'inie kwa mpira wa mafuta, halafu nikaichomoa pedi ya ndani.

Haikuwa na nyama hata chembe. Bati lake la chuma lilikuwa linang'aa kama jembe lililotoka shambani. Upande wa ndani wa diski, ule usioonekana mpaka utoe gurudumu, ulikuwa na mifereji ambayo ukucha wangu ulizama. Kwenye ncha ya bati palikuwa na kilimi kidogo cha chuma kilicholika hadi kubaki kisiki. Watengenezaji hukiweka makusudi, ili nyama ikikaribia kuisha kiguse diski na kupiga kelele. Kumbe ndicho kilichokuwa kikitupigia mluzi, wiki zote zile, na mimi nikikiita umande.

"Baba, siku ile niliangalia upande mmoja tu."

Alikuwa ananishikia tochi. Akaichukua pedi, akaipitisha kidole gumba, akakaa kimya kidogo. "Basi nionyeshe huo mwingine ulivyofika hapa."

Pedi mbili za gurudumu moja haziachani namna ile bila sababu. Kalipa ya aina yetu ina pistoni upande wa ndani peke yake. Pistoni husukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima huteleza juu ya pini mbili na kuivuta ya nje ibane diski. Pini ya juu ilitoka kwa vidole. Ya chini iligoma. Mpira wake wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika, maji yameingia, kutu imeigandisha, kwa hiyo kalipa ilikuwa haitelezi na pedi ya ndani ilikuwa inasimamisha pikapu karibu peke yake. Niliizungusha pini ile kwa spana kidogo kidogo, huku nikiipulizia dawa ya kutu, kwa muda wa karibu saa nzima. Ningefunga pedi mpya bila kuigusa, zingefuata njia ileile.

Diski haikufaa kukerezwa. Pembeni yake paliandikwa unene wa mwisho, milimita 23, na yetu ilishapita hapo. Tukanunua diski mbili, za kulia na kushoto, na pedi za pande zote mbili. Pini nilizipaka grisi ya silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida huvimbisha mpira. Niliposukuma pistoni irudi ndani nilikuwa nimeshafungua mfuniko wa chupa ya mafuta ya breki, nikiyachunga yanavyopanda, maana yakimwagika kwenye bodi hula rangi.

Nikakanyaga pedali mara kadhaa ikakaza, tukatoka. Mkwaruzo haukuwepo. Lakini kila tulipotoka rivasi kwenda mbele, breki ya kwanza ilitoa "tak" moja, kavu. Zamani ningesema itazoea. Nikageuza gari, nikatoa tena tairi, nikakuta klipu moja ndogo inayoshika pedi isicheze imebaki kwenye karatasi yake ya dukani. Nikairudisha mahali pake.

Kisha tukazizoesha pedi mpya na diski kwa kukanyaga breki, mara kumi hivi kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa hadi karibu kusimama, tukiziacha zipoe katikati. Nyumbani Baba alishuka kabla yangu. Akasogeza mgongo wa kiganja karibu na rimu ya kulia bila kuigusa, akaenda ya kushoto, akarudi tena ya kulia.

"Joto moja," akasema. Kisha akaniomba tochi, akazunguka kwenda kuchuchumaa kwenye magurudumu ya nyuma.