Chupa ya damu ya Ijumaa usiku

Jumapili asubuhi, kabla sijafungua mlango wa maabara, nilimkuta bibi mmoja kwenye benchi la nje. Kanga moja kajitanda, nyingine kaikunja mapajani. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akaitikia, kisha hakuzunguka: "Juzi usiku mlimtoa mjukuu wangu damu. Ya malaria mlitupa majibu hata chai haijapoa. Hii nyingine naambiwa mpaka kesho. Kwani mnaipika?"

Nikamwambia: ndiyo bibi, tunaipika. Nilikuwa namaanisha hivyo hivyo, na kwa kuwa amenipa ruhusa nisimulie bila kumtaja jina, nitaeleza hapa mambo ambayo pale mlangoni sikupata nafasi ya kuyamaliza.

Walitoka Pangani Ijumaa jioni, mtoto wa miaka minne, homa siku ya tano. Nyumbani walishamaliza dozi ya malaria ya dukani. Kipimo cha malaria kikatoka hasi. Sasa hapa ndipo wengi wetu huku Tanga tunapokwama, maana homa tumeizoea kuiita malaria tangu tukiwa wadogo. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa kwenye hospitali za kaskazini mashariki mwa nchi yetu, mkoa wetu ukiwemo. Waliangaliwa wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa wakitibiwa malaria kali, na chini ya nusu yao ndio waliokutwa na vimelea vya malaria kwenye damu. Waliobaki walikuwa na kitu kingine. Kazi yangu ni kukitafuta hicho kitu kingine.

Nesi wa zamu usiku ule alifanya jambo ambalo namshukuru mpaka leo. Daktari alishaandika sindano za kuua bakteria, ampisilini na jentamaisini, na mtoto alikuwa hoi. Nesi akasema tumtoe damu kwanza. Akafuta ngozi kwa spiriti, akasubiri ikauke, akafuta tena, akavuta mililita tatu na kuziingiza kwenye chupa ya kuoteshea. Ndipo akachoma sindano. Ilimchukua dakika chache tu. Damu ingetolewa baada ya dawa, huenda chupa yangu ingekaa siku saba bila kuota chochote, na kwenye fomu ningeandika "hakuna kilichoota" ilhali mgonjwa anacho. Angeacha kusubiri ngozi ikauke, ningeotesha bakteria wa ngozini na kumpotosha daktari. Na mililita ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: mtoto mwenye bakteria kwenye damu anaweza kuwa na wachache sana katika kila mililita, kwa hiyo ukileta tone nitakosa.

Chupa ikaingia inkubeta, sanduku la joto, nyuzi 35. Jumamosi asubuhi ilikuwa bado safi. Jumamosi jioni nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha: supu ya chakula cha bakteria iliyo juu ya damu imechafuka, ina ukungu, na viputo vidogo vinapanda. Moyo ulinienda mbio. Nilivuta tone, nikalipaka kwenye slaidi, likakauka, nikalipitisha juu ya moto, kisha nikalipaka rangi za Gram. Mdenmaki Hans Christian Gram aliibuni njia hii ya kutofautisha bakteria kwa rangi mwaka 1884 na hatujaiacha. Zambarau dakika moja, suuza. Iodini dakika moja, suuza. Halafu spiriti ya kufuta rangi, na hapa mkono lazima uwe mwepesi, sekunde chache tu, ukizidisha unafuta mpaka wasiotakiwa kufutika. Mwisho safranini nyekundu. Chini ya lenzi ya mafuta, inayokuza mara 1,000 pamoja na ile ya jicho, nikaona vijiti vya waridi vimetawanyika katikati ya chembe za damu. Vijiti, na vya waridi: Gram hasi, kundi la bakteria wasioshika zambarau.

Hilo peke yake halitoshi kumpa bakteria jina, ila linatosha kupiga simu. Nilipiga wodini saa moja na nusu usiku. Daktari akauliza swali moja tu, "Una uhakika si uchafu wa ngozini?" Nikamwambia wa ngozini angekuwa wa zambarau. Akaongeza seftraksoni, dawa nyingine ya kuua bakteria, saa ile ile.

Sasa kupika. Chakula cha bakteria tunakipika kweli: unga tunaupima kwa mizani, maji yaliyochujwa, tunachemsha, tunaingiza kwenye otoklevu, mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu, nyuzi 121 kwa dakika 15, halafu tunasubiri kipoe mpaka kama nyuzi 50 ndipo tunamimina kwenye sahani. Kinachokigandisha ni agari, na agari inatokana na mwani. Siku zote nikiwaona akina mama wa Mkinga wameanika mwani naikumbuka, ingawa ule wanaolima wao unatoa karajini, ndugu yake agari, si agari yenyewe. Aliyeleta wazo la agari maabara alikuwa mwanamke, Fanny Hesse, mwaka 1881, mke na msaidizi wa daktari aliyefanya kazi kwa Robert Koch, mtaalamu wa bakteria wa Ujerumani. Yeye alikuwa akiitumia jikoni kugandishia jeli. Kabla yake walitumia jelatini, ambayo ikifika joto la mwili inayeyuka. Kwa sahani za damu tunaongeza damu ya kondoo, na ukiimimina agari ikiwa ya moto mno damu inaiva na kugeuka rangi ya chokoleti. Hiyo nayo haitupwi, wapo bakteria wanaopenda kula damu iliyoiva hivyo.

Jumamosi ile ile usiku nilipandikiza tone la chupa ile kwenye sahani. Jumapili, baada ya kuzungumza na bibi, nilizitoa. Kwenye sahani ya MakKonki, ambayo bakteria anayechachusha laktosi, sukari ya maziwa, huota waridi, wangu walikuwa wameota weupe weupe, kama matone ya nta. Nikachukua koloni moja, yaani tone moja la bakteria hao, kwa sindano ndefu, nikaichoma mpaka chini kwenye mrija wa sukari tatu, ambao agari yake hubadilika rangi kulingana na bakteria aliyemo. Siku hiyo hiyo nikatandaza wengine kwenye sahani nyingine na kuweka vidonge vya karatasi vyenye dawa, sita, mbalimbali, nikivigandamiza kidogo kwa koleo visihame.

Hapo hakuna cha kuharakisha. Bakteria anahitaji saa 16 hadi 18 akue ndipo tujue dawa ipi imemzuia. Bibi alidhani tunachelewa kwa uvivu au kwa foleni. Foleni ipo, sikatai, lakini hata asingekuwepo mgonjwa mwingine Tanga nzima, usiku ule ungelazimika kupita.

Nilishawahi kuona sampuli ikifa. Ni miaka ya nyuma, hospitali nyingine ambayo sitaitaja. Maji ya uti wa mgongo ya mtoto mwenye degedege yalitolewa jioni, yamechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Mtu akayaweka kwenye friji mpaka asubuhi kwa nia njema kabisa, akidhani anayatunza. Mkojo ndio unawekwa kwenye friji. Bakteria wa homa ya uti wa mgongo hawawezi baridi. Kwenye darubini niliona seli za usaha zimejazana, na sahani zangu zote zikabaki tupu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Madaktari walimtibu kwa kukisia. Tangu siku ile, nikipokea nesi mpya, jambo la kwanza namwonyesha friji na kumwambia nini hakiingii humo.

Na kuna jambo linaniuma nililisema hata kwa bibi. Alisema huko nyuma mtoto alishapimwa akaambiwa ana taifodi, mara tatu kwa mwaka mmoja. Kipimo cha Widal, cha tangu mwaka 1896, kinatafuta askari wa mwili (kingamwili), hakimtafuti bakteria mwenyewe. Askari hao wanaweza kuwa wa ugonjwa uliokwisha zamani. Watoto wetu wanakunywa dawa kwa ajili ya kivuli, na bakteria waliobaki tumboni mwao wanajifunza usugu.

Jumatatu saa mbili asubuhi mrija ulikuwa mwekundu juu, chini umeiva mweusi kama masizi ya sufuria, na agari imepasuka kwa gesi. Salmonela, ukoo wa bakteria ambao mmoja wao huleta taifodi, ila huyu si wa taifodi. Nikachukua rula. Ampisilini: koloni zimeota mpaka ukingoni mwa kidonge, milimita sita, ambazo ni upana wa kidonge chenyewe, maana yake dawa haikuzuia chochote. Seftraksoni: duara safi lisiloota kitu, milimita 27, maana yake dawa inamzuia. Jentamaisini nayo ilikuwa na duara zuri, lakini sikuiandika kwenye majibu. Salmonela hujificha ndani ya seli ambako dawa hiyo haimfikii vizuri. Kwenye sahani inamuua, kwa mgonjwa inashindwa. Sindano zote mbili za Ijumaa, basi, zisingemponya.

Fomu niliipeleka mwenyewe wodini. Mtoto alikuwa amekaa, kaegemea mto, anagombea kijiko cha uji na bibi yake. Bibi akaniona na karatasi mkononi.

"Imeiva?"

"Imeiva, bibi."