Pikapu ikilala siku nne betri inakufa: nilivyomsaka mnyonyaji

Pikapu ni ya dizeli, betri moja ya volti 12, ampea-saa 70, yaani inaweza kutoa ampea moja kwa kama saa 70. Ikitembea kila siku haina neno. Ikiegeshwa siku nne, starta inalia "tik" tu na taa za dashibodi zinafifia. Betri ilikuwa imeshabadilishwa mara moja, na hiyo mpya nayo ikafa vilevile. Betri mbili hazifi kwa mtindo mmoja kwa bahati mbaya, kwa hiyo nilijua kuna kitu kinanyonya. Hata hivyo nilianza kwa kuipima betri yenyewe, kwa sababu betri ya risasi na asidi iliyokaushwa chaji mara kadhaa huumia hata kama ina miezi michache.

Volti zinasema ukweli pale tu betri ikiwa imepumzika. Ukipima mara baada ya kuendesha au kuchaji utaona 12.9 au zaidi, ukadhani mambo ni mazuri, kumbe ni chaji ya juujuu tu. Iache ilale usiku mzima. Ukiwa na haraka, washa taa kubwa dakika mbili, zizime, subiri dakika kumi ndipo upime. Betri ya kawaida ikisoma 12.6 hadi 12.7 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 hesabu haina kitu. Yangu ilisoma 11.6.

Niliichaji kwa ampea 7, yaani moja ya kumi ya ukubwa wake, usiku kucha, boneti likiwa wazi kwa sababu betri inayochaji hutoa haidrojeni. Chaja huzimwa kwanza ndipo koleo zake zitolewe. Cheche moja juu ya betri inatosha kuleta balaa. Ilipopumzika ilisoma 12.68. Wakati starta inazungusha injini haikushuka chini ya 10.4 (ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au vichwa vyake havishiki vizuri). Injini ikiwaka nilipata 14.2, na kati ya 13.8 na 14.7 altaneta (jenereta inayozungushwa na injini) inachaji sawasawa. Betri nzima, chaji ipo. Kinachobaki ni umeme unaotoroka gari likiwa limezimwa.

Kabla ya kufungua kitu chochote nilikagua kwa macho, gizani. Taa ya droo ya dashibodi: simu inaingizwa ndani ikirekodi video, droo inafungwa, kisha unaangalia video. Taa za breki nazo: kile kidude cha mpira kinachobonyeza swichi ya pedali huchakaa na kumeguka, swichi ikakosa kubonyezwa na taa zikawaka usiku kucha. Tundu la waya za trela: likiwa na maji na kutu ya kijani, umeme unapita humo humo kati ya pini. Na juu ya betri kwenyewe, uchafu wenye asidi ni njia ya umeme. Weka ncha nyeusi ya mita ya kupimia umeme kwenye kichwa hasi, ile nyekundu uipitishe juu ya plastiki ya betri. Ukiona hata nusu volti, osha kwa maji yenye baikaboneti ya soda, ukihakikisha hayaingii kwenye vyumba vya asidi, kisha suuza na ukaushe. Kwangu palikuwa pasafi.

Sasa kupima unyonyaji wenyewe. Gari lenye kompyuta haliwezi kusoma sifuri. Saa, alamu na kumbukumbu za kompyuta hula kidogo, na ampea 0.02 hadi 0.05 ni kawaida. Ampea 0.05 kwa siku nzima ni ampea-saa 1.2, na betri ya 70 inavumilia hilo kwa wiki kadhaa. Lakini ampea 0.5 ni ampea-saa 12 kwa siku, na siku ya tatu umeshavuka nusu. Tatizo si starta, kama wengi wanavyodhani. Starta ikivuta ampea 200 kwa sekunde tatu imekula ampea-saa 0.17 tu. Kinachoua ni kitu kidogo kinachokula saa 24.

Mita inaunganishwa upande wa hasi, kati ya kichwa cha betri na waya wake. Upande huo spana ikigusa bodi hakuna shoti. Waya mwekundu wa mita unahamishiwa kwenye tundu la ampea 10. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: wanatumia tundu la miliampea, fyuzi ya ndani ya mita inaungua palepale, mita inasoma 0.00, na mtu anaandika "hakuna unyonyaji". Ndiyo maana kabla ya kuamini sifuri huwa nafungua mlango. Taa ya kabini isipoonekana kwenye mita, mita ndiyo mbovu. Na mita ikiwa imeunganishwa, usizungushe ufunguo kabisa. Taa kubwa mbili za wati 55 peke yake ni kama ampea 9, na starta ni mamia.

Tatizo la pili ni kwamba ukichomoa waya wa betri na kuurudisha, kompyuta zote zinaamka. Njia ninayoitumia ni waya mnene wa muda. Upande mmoja naubana kwenye kichwa hasi chenyewe, upande mwingine kwenye kishikio cha waya wa bodi. Kisha nalegeza kishikio na kukinyanyua. Umeme sasa unapita kwenye waya wa muda bila kukatika. Naweka ncha za mita sehemu zilezile mbili, na mwisho naondoa waya wa muda, mzigo ukihamia kwenye mita. Nikihitaji kuwasha kitu, narudisha ule waya kwanza.

Milango niliidanganya: kufuli la mlango ulio wazi unalisukuma kwa bisibisi hadi lijifunge kana kwamba mlango umefungwa. Ukimaliza, vuta mshiko lifunguke kabla hujaubamiza mlango, la sivyo unavunja kufuli. Swichi ya boneti niliibana chini kwa tepu. Gari linalotumia ufunguo usioingizwa, ufunguo huo uwe mbali mita kadhaa, maana ukiwa karibu gari halilali.

Kisha ni kungoja, na kungoja kwenyewe ni kipimo. Mita ilianza na ampea 2.8, baada ya dakika chache 1.1, dakika ya 25 ikatua 0.62 na haikusogea tena. Baadhi ya magari huchukua saa nzima kulala, kwa hiyo ukisoma dakika ya tano unamsingizia kifaa asiyehusika. Ampea 0.62 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 15. Siku nne ni 60 kati ya 70. Ndiyo hiyo siku ya nne.

Njia ya zamani ni kuchomoa fyuzi moja moja ukiangalia mita. Inafanya kazi kwenye gari la zamani. Kwenye gari lenye kompyuta kila fyuzi unayoirudisha inaamsha kitu, ukangoja tena nusu saa, na mbaya zaidi hitilafu ya kompyuta iliyogoma kulala hupona kwa kuchomolewa na hutaiona tena siku hiyo. Mimi nilipima milivolti juu ya fyuzi bila kuzigusa. Kila fyuzi ya bapa ina vidoa viwili vya chuma mgongoni. Mita ikiwa kwenye kipimo cha milivolti 200, weka ncha moja kila upande. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma 0.0. Inayopitisha inaonyesha tofauti ndogo, kwa sababu kila fyuzi ina ukinzani kidogo. Fyuzi ya ampea 10 ina takriban miliomu 7.5 (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu, kipimo cha ukinzani), kwa hiyo kila milivolti 0.1 ni kama ampea 0.013. Ya ampea 15 ina kama 4.6, na milivolti 0.1 hapo ni kama ampea 0.022. Bonyeza ncha kwa nguvu. Kidole kikilegea namba zinaruka.

Fyuzi nyingi zilisoma 0.0 au 0.1. Moja ya ampea 15, ya tundu la trela, ilisoma 1.8. Ukigawanya 1.8 kwa 4.6 unapata ampea 0.39, ambayo ni balbu ya wati 5 kabisa. Ukifuatilia waya unaikuta taa ya kanopi (kibanda kinachofunika sehemu ya mizigo), imeungwa pale pale na aliyefunga kanopi. Vioo ni vya giza na vimefunikwa, ndiyo maana haikuonekana nje. Simu ikirekodi ndani ikatoa ushahidi: mlango wa kanopi umefungwa, taa inawaka. Kibati cha swichi kilikuwa kimepinda milimita chache, mlango hauibonyezi mpaka mwisho.

Nilichomoa taa, mita ikashuka hadi 0.23, si 0.03. Hapa mtu anaweza kufurahi mapema akafunga boneti. Lakini 0.23 bado ni ampea-saa tano na nusu kwa siku, na fyuzi zote sasa zinasoma karibu sifuri. Umeme unaotoka bila kupita kwenye fyuzi ndogo una njia chache: waya wa starta, vifaa vilivyoungwa moja kwa moja kichwani mwa betri, na waya mnene wa altaneta. Altaneta ina diodi zinazoruhusu umeme uende betrini na kuzuia usirudi. Diodi ikianza kuvuja, betri inamwagika humo usiku kucha huku altaneta ikichaji vizuri mchana. Ndiyo maana 14.2 haikunionyesha chochote.

Kipimo cha kwanza: injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, mita kwenye volti za AC (umeme wa kugeukageuka) kichwani mwa betri. Ikizidi 0.5 diodi ni za kutiliwa shaka. Nilipata 0.7. Kipimo cha pili ndicho cha uhakika: nilikata betri, nikafungua nati ya waya mnene nyuma ya altaneta na kuchomoa plagi yake, nikaufunika waya huo kwa tepu, nikarudisha betri kupitia mita. Dakika 30 baadaye ilisoma 0.03. Nilibadilisha bamba la diodi. Altaneta nzima si lazima kama beringi na brashi bado ziko sawa.

Kama hesabu yangu isingeishia hapo, ningetazama vitu vilivyoongezwa baadaye: traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo), kamera ya dashibodi, amplifaya ya redio iliyonyimwa waya wa ufunguo (ule unaokosa umeme ufunguo ukizimwa), kifaa cha kusomea kompyuta kilichosahauliwa kwenye tundu lake. Relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyonasa nayo unaijua kwa mkono, ni ya uvuguvugu wakati jirani zake ni baridi. Vingine huamka usiku kwa vipindi, na hivyo vinahitaji mita yenye kuhifadhi namba ya juu kabisa ikiachwa hadi asubuhi.

Taa ya kanopi sasa inapitia umeme wa ufunguo. Kwa kuegesha muda mrefu nimefunga swichi ya kukatia betri upande wa hasi; ubaya wake ni kupoteza saa na stesheni za redio, na baadhi ya redio zitadai namba ya siri, iandike kabla. Kuiwasha injini dakika kumi kila wiki hakusaidii, betri iliyoshuka inahitaji saa kadhaa za chaji. Paneli ya jua ya wati 10 inatosha: kwenye jua kali inatoa kama ampea 0.5, ila iungwe betrini kwa fyuzi ya ampea 3 na kidhibiti chaji, si kwenye tundu la kiberiti, ambalo kwa magari mengi hufa ukizima ufunguo.

Baada ya matengenezo niliiacha siku 21 bila kugusa swichi wala paneli. Ampea 0.03 kwa siku hizo ni ampea-saa 15, na nyingine chache betri huzipoteza yenyewe. Mita ilisoma 12.42, injini ikawaka kwa mzunguko wa kwanza.