Geuza chupa, soma nyuma

Mchana huu, kaunta ya duka la dawa. Mzee mmoja kaweka chupa ya mafuta ya samaki.

"Mwanangu, hii si ndiyo ya moyo? Vidonge vya presha nimeviacha."

Mbele: 1000 mg, maandishi makubwa kama ya ubavuni mwa daladala.

Nyuma, kwa maandishi ya kukodolea macho: EPA 180, DHA 120. Yaani omega-3 hizo mbili, mafuta yanayosifiwa kwa moyo, ni 300 tu. Zilizobaki ni mafuta mengine.

Na hata dozi kubwa kuliko hiyo haikufua dafu. Utafiti wa VITAL wa Marekani, 2018, watu 25,871: kidonge cha gramu 1 chenye omega-3 hizo 840 mg, kila siku, hakikupunguza kwa kiwango cha maana jumla ya mishtuko ya moyo, kiharusi na vifo vyake.

Iliyoleta nafuu kwenye utafiti mwingine, REDUCE-IT, ni dawa ya cheti: EPA iliyosafishwa, gramu 4 kwa siku, kwa wenye trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) za juu ambao tayari wanatumia statini, dawa za kushusha kolesteroli. Nayo iliongeza mapigo ya moyo kwenda ovyo.

Tukapasua kidonge kimoja. Harufu? Rangi ya ukutani! Chupa ilikaa dirishani, jua likaichachisha.

Mzee kaelekezwa kwa daktari wake leo leo, maana dawa ya presha haikatizwi kienyeji. Omega-3 aitafute kwenye dagaa na vibua, mara mbili kwa wiki, visizame kwenye mafuta ya kukaangia.

Chupa zenu zinasemaje? Andikeni EPA na DHA hapa chini 👇