Jinsi Nilivyochagua Chachu ya Saida ya Matufaha Hapa Dodoma

Maelekezo mengi ya kutengeneza saida, yaani kinywaji chenye kilevi kinachotokana na juisi ya matufaha iliyochachushwa, yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako matunda hayo huvunwa wakati nyumba zimeanza kupoa. Mtu wa Uingereza anaweza kuliacha pipa lake ghalani hadi Krismasi ipite na asipate hasara. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hudai blanketi, lakini mchana wa Oktoba na Novemba huweza kuvuka nyuzi 30, na chumba chenye paa la bati hulishikilia joto hilo hadi usiku wa manane. Ndiyo maana nilipoamua kutengeneza saida nyumbani nilianza kwa kuuliza habari za joto. Chachu isiyolihimili niliiweka kando hata kama sifa zake nyingine zilinivutia.

Kuhusu matunda sina mengi ya kusema. Katika soko la Majengo, ambako wengi huyaita maepo, yapo ya Afrika Kusini yanayong'aa na kubandikwa vikaratasi, na pengine hupatikana ya Njombe, madogo, yenye makovu, ambayo bei yake hukubali mazungumzo. “Kaka, haya hayana sura, lakini onja kwanza,” ndivyo anavyonikaribisha mama ninayenunua kwake, na kwa kazi hii anasema kweli, kwani sura haiingii kwenye juisi. Nachanganya yale ya kijani yenye ukali na mekundu yenye utamu. Sehemu zilizopondeka nazikata, ila tunda lenye ukungu nalitupa lote, kwa kuwa ukungu huo huweza kutoa sumu iitwayo patulini. Kilo kumi, zikisagwa kwa blenda na kukamuliwa kwenye kitambaa safi, hunipa takriban lita tano. Anayeona kazi hiyo ni nzito anaweza kutumia juisi ya boksi, mradi asome maandishi ya ubavuni: yenye sodiamu benzoeti au potasiamu sorbeti haifai, kwa sababu vihifadhi hivyo vimewekwa mahususi ili chachu isifanye kazi.

Matufaha ya kula hayana ule ukakasi unaopatikana katika aina zinazopandwa Ulaya kwa ajili ya saida tu. Naurudisha kwa kikombe kimoja cha chai ya rangi iliyokolea sana, ya majani ya Mufindi, katika kila lita tano. Niliwahi kushauriwa kutumia unga wa ubuyu, ambao hapa kwetu hauna shida kupatikana. Ukali wake ni mzuri, lakini una pektini nyingi, ule ute wa matunda unaogandisha jamu, na pektini ndiyo hufanya saida ibaki na wingu isitakate kamwe.

Jirani aliuliza kwa nini ninunue chachu wakati ulanzi, ile pombe ya mianzi ya Iringa na Njombe, huchacha wenyewe. Swali lake lina msingi. Juisi ya matufaha nayo ukiiacha itachacha yenyewe, kwa kuwa vijidudu vya chachu vipo kwenye maganda na kwenye vyombo. Tofauti ni kwamba ulanzi hunywewa ndani ya siku chache, kabla haujawa mkali kupita kiasi, ilhali mimi nilitaka kinywaji cha kukaa chupani kwa miezi. Katika joto letu, bakteria wa siki huwahi kushika nafasi pale chachu inapochelewa, na chachu ya kubahatisha mara nyingi huchelewa.

Ili nipate hukumu ya haki, niligawa juisi ileile katika madumu ya lita tano, kila dumu likapewa chachu yake, yote yakakaa chumba kimoja. La kwanza nililipa hamira ya dukani. Hamira ni Saccharomyces cerevisiae, spishi ileile ya chachu nyingi za pombe, ila imechaguliwa kwa sifa ya kutoa gesi haraka ili unga uumuke. Haikunikatalia kazi: kabla ya jioni povu lilikuwa limefika shingoni mwa dumu, na kiwango cha kilevi cha saida, ambacho ni kama asilimia sita hivi, inakimudu. Shida yake ni tabia. Ilibakiza harufu ya kinyunga kibichi, na machicha yake hayakukaa chini. Kila nilipoinamisha dumu kidogo tu, wingu la kijivu lilipanda hadi juu na kunilazimu nisubiri upya. Kwa asiye na njia nyingine nitasema aitumie, lakini asitegemee kinywaji kitakachong'aa glasini.

Chachu ya bia, ile ambayo vitabu vya Waingereza huipendekeza kwa sababu huacha utamu kidogo, ndiyo iliyoonyesha wazi tofauti ya hali ya hewa. Inafanya vizuri karibu na nyuzi 20. Ikizidi 25 huanza kutoa vilevi vizito, ambavyo mnywaji huvihisi kama ukali wa moto kooni, na hata ukiihifadhi saida muda mrefu ukali huo hupungua kwa shida. Naiona kuwa chachu ya Julai, na hata Julai kwa tahadhari.

Dodoma ni mji wa zabibu, na watengenezaji wadogo wa mvinyo wapo, hivyo chachu za mvinyo si kitu kigeni. Mmoja wao alinigawia Lalvin EC-1118, chachu yenye asili ya Champagne nchini Ufaransa. Mtengenezaji wake anaitaja kuwa inafanya kazi kati ya nyuzi 10 na 30 na kuvumilia kilevi hadi asilimia 18. Kwa uimara sijaona mpinzani wake. Inaanza bila kusuasua, haihitaji chakula kingi, na machicha yake hushikana chini kwa nguvu. Hata hivyo, katika juisi ya matufaha inafagia kila kitu: sukari yote inaisha, harufu ya tunda inafifia, na ukali unabaki peke yake mbele. Kwa juisi yenye matunda mengi ya kijani matokeo yalikuwa makavu mno kwa ulimi wangu, ingawa wapo wageni waliolisifu dumu hilo kuliko mengine.

Chachu niliyobaki nayo ni Lalvin 71B, niliyoiagiza kutoka Dar es Salaam. Kiwango chake cha joto ni nyuzi 15 hadi 30, na kikomo chake cha kilevi ni asilimia 14, ambacho kwa saida ni zaidi ya kutosha. Kilichoniamulia ni uhusiano wake na asidi ya maliki, ambayo ndiyo asidi kuu ya tufaha: chachu hii hula sehemu yake, kati ya asilimia 20 na 40, hivyo ukali unalainika pasipo kuongeza sukari. Pia hutoa harufu ya matunda badala ya kuifuta. Kwa matufaha yanayopatikana hapa, yenye ukali mwingi na ukakasi mdogo, sioni inayofaa zaidi. Sharti lake ni kutoiacha juu ya machicha muda mrefu. Juisi ikitulia tu, naihamishia dumu jingine kwa mpira.

Pakiti ya gramu tano hutosha zaidi ya lita ishirini, kwa hiyo kwa dumu moja dogo natumia theluthi ya kijiko cha chai. Nailoweka kwanza katika maji ya vuguvugu ya nyuzi 35 hadi 40 kwa robo saa. Juisi ya matufaha ina naitrojeni kidogo, na chachu yenye njaa hutoa harufu ya yai bovu, hivyo naipa chakula: hamira kijiko kimoja iliyochemshwa hadi ikafa, kisha ikapozwa. Hapo hamira nimeipatia kazi inayoiweza.

Hata 71B haipendi kupikwa. Dumu nalisimamisha ndani ya beseni lenye maji, nalivika kipande cha gunia ambacho ncha zake zimezama majini, na kulielekezea feni. Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu sana, hivyo maji hupanda kwenye gunia na kukauka upesi, yakiondoka na joto. Chumba kikiwa nyuzi 28, kipimajoto kilichofungwa ubavuni mwa dumu husoma 23 au 24. Mvua zikianza Desemba na hewa kupata unyevu, mbinu hii hupoteza nusu ya nguvu zake.

Haidromita, kifaa kinachoelea na kupima uzito wa juisi ukilinganishwa na wa maji, hunionyesha 1.050 mwanzoni na karibu 1.000 mwishoni, sawa na kilevi cha asilimia sita na nusu. Ikisoma vilevile siku kadhaa mfululizo, natia sukari gramu sita kwa kila lita na kufunga katika chupa za plastiki za soda, kwa kuwa chupa ya kioo inaweza kupasuka, ilhali ya plastiki ukiibonyeza unajua gesi imefikia wapi. Ikikataa kubonyea, inaingia kwenye friji siku hiyohiyo. Saida hii ni ya nyumbani na ya wageni. Kuuza kuna leseni yake. Chachu inayobaki naikunja ndani ya pakiti yake, naitia katika kopo lisilopitisha hewa, na kuiweka friji rafu ya chini, mbali na mlango unaofunguliwa kila mara.