Nilivyoufuata Ulanga Hadi Butiaba

Mimi ni mtoto wa Ifakara. Mto wetu unaitwa Kilombero, na wazee wengi bado wanauita Ulanga. Kabla daraja halijajengwa tulikuwa tunavuka kwa pantoni, na mama alikuwa akinishika mkono kwa nguvu mpaka tuguse ng'ambo. Kwa hiyo siku moja nikiwa darasa la sita, nimekaa kwenye benchi la ukumbi wa misheni tukiangalia mkanda wa zamani, nilimsikia mwigizaji Humphrey Bogart akitamka "Ulanga" nikaruka. Mto wetu, ndani ya filamu ya Wamarekani!

Halafu nikauangalia huo mto, na haukuwa wetu. Maporomoko sikuyajua, msitu sikuujua, na mwisho wake mto unaingia ziwani. Ulanga hauingii ziwa lolote. Unateremka kwenye Rufiji, na Rufiji inamwaga Bahari ya Hindi. Nililala na swali hilo usiku ule, na nimekaa nalo karibu miaka thelathini.

Filamu yenyewe ni The African Queen, aliyoiongoza John Huston mwaka 1951 kutokana na riwaya ya C.S. Forester ya mwaka 1935. Ni kisa cha 1914, vita vinaingia Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mmisionari wa kike anafiwa na kaka yake baada ya askari kuchoma kijiji, kisha yeye na fundi wa boti chakavu wanashuka mto wakiwa na baruti, wakalipue meli ya Kijerumani inayolinda ziwa. Kwetu vita ile haikuwa kisa cha watu wawili. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, na wapagazi waliokufa njiani, wa pande zote mbili, hawana hesabu kamili hadi leo.

Mwaka jana nilipata likizo ya wiki mbili. Nikapanda basi Mwanza, nikavuka Mutukula, nikalala Kampala, kesho yake nikapanda takisi ya Masindi. Takisi kwa Waganda ni ile tunayoiita daladala. Nilikuwa nimebanwa kati ya gunia la mahindi na mama mmoja aliyenigawia ndizi za kuchoma bila kuniuliza kama ninataka, na nilimshukuru sana, kwa sababu tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu tumboni.

Nilichokuwa nimekijua kabla ya kuondoka ni hiki: mto mmoja wa kwenye filamu umeshonwa kwa maji ya mahali pengi. Sehemu kubwa ilipigwa Kongo, kwenye mto mdogo wa Ruiki, upande wa kusini wa Kisangani. Sehemu nyingine ilipigwa Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na kijijini Butiaba. Na pale Bogart anapoingia majini kuikokota boti, kisha anatoka ameng'ang'aniwa na ruba mwili mzima, hapo ni London, kwenye tangi la studio ya Isleworth. Maji ya huku yalionekana ya hatari kwa waigizaji. Sisi tuliooga mtoni tangu utotoni, wengine tukakojoa damu kwa kichocho, hatuwezi kusema walikosea.

Paraa, ndani ya hifadhi ya Murchison, nilifika saa nne asubuhi, boti ikaondoka saa nane mchana. Tulikuwa watu kumi na wawili na askari mmoja wa hifadhi. Viboko walikuwa wengi hata nikaacha kuhesabu. Ila kilichonishika zaidi ni povu. Tukiwa bado mbali, hatusikii hata ngurumo, mapande ya povu jeupe yalianza kupita ubavuni mwa boti, moja moja, yakizunguka polepole juu ya maji ya rangi ya chai. Nilinyoosha mkono nikachota kipande. Kilikaa kiganjani kama povu la sabuni ya kufulia, kikanywea, kikaniachia chenga za mchanga.

Tulipokata kona ndipo nikaelewa povu linakotoka. Mto Nile wote unapita kwenye mwanya wa upana wa mita 7 hivi, kisha unaanguka mita 43. Boti yetu yenye injini mbili haikuweza kusogea zaidi, nahodha akaiegemeza kwenye mwamba. Niliwaza juu ya Jack Cardiff, mpiga picha wa Huston, na kamera yake ya Technicolor, ya kupiga filamu za rangi. Kamera ile ilikuwa kubwa kiasi kwamba haikuenea ndani ya boti ndogo, ikabidi waunde mfano wa boti juu ya chelezo, wenye vipande vya kuondoa na kurudisha kila wanapohama pembe. Na watu wakiugua. Bogart na Huston walishikilia wiski. Katharine Hepburn, aliyeigiza yule mmisionari, alikunywa maji, akaharisha na kutapika vibaya. Katika tukio la kanisani anapopiga kinanda, ndoo iliwekwa karibu naye nje ya picha. Nimelitazama tukio hilo mara nyingi, uso wake umekauka kabisa, na mimi siku zote nilidhani ni uigizaji.

Kutoka hifadhini nilishika njia ya Bulisa, lami mpya iliyoletwa na mafuta, malori yakipishana. Butiaba iko chini, ufukweni mwa Ziwa Albert, na milima ya Kongo inaonekana ng'ambo kama moshi. Hapa ndipo walipojenga kijiji cha misheni cha kwenye filamu, kisha wakakichoma. Zamani ilikuwa bandari. Sasa ni mitumbwi, nyavu, na dagaa wadogo wanaoitwa muziri walioanikwa kila penye nafasi.

Nilimkuta mzee mmoja akishona wavu chini ya mwembe. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akacheka. "Wewe ni wa Tanzania. Huku shikamoo hatuna." Kiswahili chake alikipata Bunia, ng'ambo Kongo, kwenye biashara ya samaki. Nikamweleza kilichonileta. Akaacha sindano.

"Huo mto wenu unaingia ziwa gani?"

Nikachora mchangani. Ulanga, Rufiji, bahari. Nikamwonyesha pale kwenye delta ambapo manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilizamishwa Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa, na mmoja ukapelekwa Kigoma kwa reli, ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen. Meli hiyo ndiyo inayotajwa kuwa chanzo cha ile ya riwayani. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Nikavuta mstari mrefu kutoka Rufiji mpaka Ziwa Tanganyika.

Mzee akautazama mstari. "Kumbe mzinga ndio uliopanda. Mto haukupanda."

Nilikaa kimya kidogo. Nilikuwa nimesafiri siku sita na sikuwa nimeliona jambo hilo hivyo.

Akaniambia baba yake alikuwa akisimulia kwamba Wazungu walikuja mwaka mmoja wakajenga kanisa la nyasi, wakawaweka watu ndani waimbe, wakawalipa. Baba hakuiona filamu mpaka anakufa. Yeye pia hajaiona.

Nilikuwa nayo kwenye simu. Nikaifungua mwanzoni kabisa, kanisani, Hepburn kwenye kinanda na watu wanaimba ovyo wimbo wasioujua. Mzee aliishika simu kwa mikono miwili akaisogeza karibu na macho, mikono ikinuka dagaa, kidole gumba kikifunika nusu ya uso wa Hepburn. Hakuwa anamtazama yeye. Waimbaji walipotoweka alinirudishia simu.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akaangalia tena, safari hii midomo yake ikicheza.

"Rudisha tena. Pale kwa wale wa nyuma, simamisha."